Chipa ya inchi 6: diski au ngoma? Na mbona hii inatoa nyuzi badala ya chenga?

Jani Bichi

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaoijua mashine ya kusaga matawi, chipa. Nina maswali mawili.

La kwanza: ninachagua kati ya chipa mbili zilizotumika. Moja ni ya diski (visu vimefungwa kwenye sahani nzito inayozunguka), ina injini yake ya dizeli ya hp 35, na mdomo wake ni mm 150 kwa 200. Nyingine ni ya ngoma (visu viko kwenye silinda inayozunguka), inaendeshwa na PTO ya trekta, yaani shafti ya kutolea nguvu, mdomo mm 160 kwa 250. Kazi ni kupogoa na kuangusha miti ya bustani na ya kandokando ya barabara: matawi mengi yenye majani, magogo machache ya kufikia mm 120. Nichukue ipi, na nikague nini kabla ya kutoa hela?

La pili: ile ya diski nimeijaribu. Tawi kavu linaliwa vizuri. Tawi bichi linatoka kama nyuzi ndefu, maganda yanasokotana, na baada ya dakika kumi bomba la kutolea linaziba. Mwenye nayo anasema visu vimenolewa juzi. Shida iko wapi?

Mnoaji

Tuanze na la pili, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua kama mashine hiyo inunuliwe.

Chipa hukata kama mkasi, na mkasi una makali mawili. Kuna visu vinavyozunguka, na kuna kisu tuli: ule upau wa chuma uliofungwa kwenye fremu, ambao visu hupita karibu yake na kukatia juu yake. Watu hunoa vya kuzunguka wakakisahau hiki kingine miaka na miaka. Kona yake ikishaviringika, au nafasi kati yake na visu ikishakuwa pana, mti mkavu bado utavunjika kwa sababu ni mgumu na hauna pa kukimbilia. Tawi bichi hujikunja. Ganda linateleza kwenye ile nafasi, linavutwa badala ya kukatwa, na hizo ndizo nyuzi zako. Kwa hiyo mwenye mashine huenda anasema kweli kabisa kuhusu visu vyake.

Namna ya kupima: zima injini, toa ufunguo uutie mfukoni, na usubiri diski isimame yenyewe. Diski nzito huendelea kuzunguka muda mrefu baada ya injini kunyamaza, kwa hiyo usiamini sikio, tazama kwa macho. Chomoa waya hasi wa betri. Fungua kifuniko, vaa glovu nene za ngozi, kisha uzungushe diski taratibu mpaka kisu kimoja kisimame mbele ya kisu tuli. Ikabe diski kwa pini yake ya kufungia au kwa kabari ya mbao. Ingiza fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) upande wa kushoto, katikati na kulia, uandike namba zote tatu. Rudia kwa kila kisu. Mashine nyingi za ukubwa huo hutaka nafasi ya kati ya mm 1 na 3, lakini namba inayotawala ni ya kitabu cha mashine hiyo hiyo.

Namba zisome hivi. Visu vikitofautiana vyenyewe kwa vyenyewe, ama vilinolewa upana tofauti ama kuna uchafu chini ya kimoja. Visu vyote vikionyesha kasoro ileile mahali palepale, kosa liko kwenye kisu tuli.

Makali yenyewe yakague kwa tochi. Makali mazima hayarudishi mwanga. Ukiona mstari mweupe mwembamba unang'aa kwenye ncha, huo ni ubutu, hata kama kisu kimetoka kwa mnoaji leo asubuhi. Kisu tuli pitisha ukucha wako juu ya kona yake: ikikwangua ukucha na kuacha unga, bado ipo, ikiteleza, imekwisha. Vingi vina kona mbili au nne za kutumika, kwa hiyo mara nyingi dawa ni kukifungua, kukigeuza na kukirudisha.

Na kwa kuwa umetaja kunoa: grenda ya mkono ni adui wa kisu cha chipa. Joto likifika kama nyuzi 300 chuma hugeuka bluu, na mahali pale ugumu wa makali unaweza kuwa umeshaondoka. Kitakata siku moja kisha kitajikunja. Kisu kinolewe kwenye mashine ya jiwe yenye maji ya kupoza, kwa mapito mepesi yanayoondoa sehemu chache tu za mia za milimita kila moja. Pembe ya mwanzo ipimwe na irudishwe ileile, mara nyingi ni nyuzi 30 hadi 35. Ukiifanya nyembamba zaidi, kisu kinakata kwa raha halafu kinameguka kwenye fundo la kwanza. Visu vya seti moja vinolewe pamoja na vitoke na upana mmoja. Vipime kwa mizani ya jikoni. Vinavyotazamana vikipishana uzito, diski inatikisika na beringi ndizo zinazolipa.

Wakati wa kufunga, safisha kiti cha kisu mpaka chuma kionekane. Utomvu mkavu wa unene wa karatasi unatosha kuinua kisu upande mmoja. Bolti ziwe za daraja lilelile lililokuja na mashine. Limegongwa kichwani, 10.9 au 12.9. Bolti ya 8.8 haina kazi pale, hata ikiingia sawasawa. Kaza kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, kufuata namba ya kitabu. Spana ya upepo usiitumie kukazia, haikuambii umefika wapi. Fanya kazi saa moja, zima, pima tena.

Beringi Moto

Mkuu Mnoaji amelimaliza la visu. Mimi naongeza mambo ambayo hutoa dalili hizohizo, ili usije ukageuza kisu tuli bure.

Mizunguko. Diski ndiyo feni ya kurushia chenga, hivyo ikipoteza kasi, bomba linaziba hata kama visu ni vipya. Pima mizunguko ya diski, siyo ya injini, kwa kifaa cha kupimia kasi kwa mwanga, huku mashine ikila tawi. Injini ikishikilia kasi na diski ikishuka, mkanda unateleza. Tazama mbavu za mkanda: zikiwa laini na zinang'aa kama kioo, umeungua. Ukaze kiasi kwamba ukibonyeza katikati ya puli mbili unazama kama mm 16 kwa kila mita ya umbali huo. Puli zikiwa na mm 500 kati yake, ni mm 8 hivi. Mikanda ikiwa zaidi ya mmoja, ibadilishwe yote kwa pamoja, na mipya ikazwe tena baada ya saa chache kwa sababu inatanuka. Kupaka mkanda dawa za kunatisha ni kuficha ugonjwa.

Kasi ya rola, zile zinazovuta tawi kwenda kwenye visu. Urefu wa chenga ni hesabu tu: kasi ya kulisha gawanya kwa idadi ya mikato. Rola zikivuta mita 36 kwa dakika, na diski yenye visu 2 ikizunguka mara 1,000, hiyo ni mikato 2,000 kwa dakika, kila chenga mm 18. Punguza rola hadi mita 24 upate mm 12. Mtu akifungua valvu ya haidroliki (inayopitisha oili ya kuzungusha rola) mpaka mwisho ili mashine "iwahi", chenga zinakuwa ndefu na bomba linalemewa.

Kile kifaa cha kulinda injini. Mashine nyingi zenye rola za haidroliki zina kihisi kinachosoma mizunguko. Injini ikilemewa, rola zinasimama au zinarudi nyuma kidogo, kasi ikirejea zinaendelea. Kihisi kikijaa uchafu au nafasi yake ikisogea, rola hulisha hata injini ikiwa hoi. Ipe mashine gogo nene ukiwa unatazama rola. Zisiposimama kasi inapoanguka, hapo kuna kazi ya kufanya.

Mabawa ya kurushia nyuma ya diski nayo huliwa na mchanga. Ncha zikiisha, nafasi kati yake na nyumba ya diski inapanuka, na upepo unarudi badala ya kutoka.

Beringi kuu: shika nyumba zake mbili kwa mkono baada ya nusu saa ya kazi, injini ikiwa imezimwa. Linganisha kushoto na kulia. Moja ikiwa moto kuliko mwenzake waziwazi, aidha haina grisi, aidha imejazwa kupita kiasi. Watu husahau hili la pili. Grisi ikizidi, beringi inaikoroga, inachemka, na sili inatoka. Fuata idadi ya pampu za kitabu, tena uifute chuchu ya grisi kwanza, la sivyo unasukuma vumbi ndani.

Jani Bichi

Asanteni sana wakuu. Mwenye mashine amekubali tufungue. Namba hizi hapa.

Kisu cha kwanza: kushoto mm 2.0, katikati 2.4, kulia 4.1. Kisu cha pili: 2.0, 2.5, 4.2. Upana wa visu vyote viwili unalingana. Makali hayarudishi mwanga. Kona ya kisu tuli upande wa kulia inateleza kwenye ukucha, upande wa kushoto inakwangua. Kitabu kinataka mm 2. Mkanda ni mzuri, na rola zinasimama injini ikilemewa.

Mnoaji

Umepima vizuri, na namba zako zinajieleza. Visu vimekubaliana, kwa hiyo havina kosa. Sasa ona jinsi nafasi inavyokua: kutoka kushoto hadi katikati imeongezeka 0.4 tu, kutoka katikati hadi kulia imeruka 1.7. Kisu tuli kingekuwa kimefungwa kikiwa kimeinama, nafasi ingepanda kwa hatua sawa. Hii imejikunja mwishoni, maana yake ni ulaji, siyo mkao. Ukitokea kwa kulia, mara nyingi ni kwa sababu mlishaji husimama upande mmoja siku zote na matawi yanaingia yakiegemea ukuta uleule.

Usijaribu kukisogeza ili kulia ifike mm 2. Kushoto kitagusa visu. Kitoe, angalia kona iliyo upande wa pili, na kama haijatumika kigeuze. Kabla ya kukirudisha, kwangua kiti chake, weka rula ya chuma juu ya kiti uone kama mwanga unapita chini. Kifunge bolti nusu, weka fila geji ya mm 2 ncha zote mbili, kaza kwa kubadilishana bolti za ncha na za kati, kisha upime tena maana hukimbia kidogo ukikaza. Mwisho zungusha diski kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kuwasha. Ukisikia mkwaruzo wowote, hata mdogo, usiwashe.

Kuhusu ni saa ngapi visu hukaa, hakuna namba moja. Kinachoua visu ni udongo kuliko mti. Tawi lililoburutwa kwenye mchanga, kisiki chenye mawe kwenye mizizi, waya uliomezwa na gome: dakika moja ya hayo inafuta siku nzima ya kazi safi. Mianzi na makuti ya minazi nayo ni magumu kwa makali. Toa kisu mapema. Kinachonolewa kikiwa na ubutu kidogo hupoteza chuma kidogo. Kinachongojwa mpaka kimeguke hupoteza nusu ya maisha yake kwa mara moja.

Kamba na Panda

Jamani, tuliguse na la kulisha, kwa sababu kuna visa vya "mashine mbovu" ambavyo ni vya mlishaji.

Tawi liingie kwa upande wa shina kwanza, majani nyuma. Simama pembeni ya mdomo, liweke, liachie, geuka. Tawi lenye panda pana lisisukumwe kwa nguvu. Likate nusu ya unene kwenye maungio ya panda, rola zitalikunja zenyewe. Vipande vifupi usivisukume kwa mkono wala kwa mguu. Viweke juu ya tawi refu linaloingia, au usukume kwa kijiti cha mbao, maana chuma kikimezwa kinavunja visu.

Glovu zisiwe na mkono mpana wa kunasa. Na kamba: kabla ya rundo lolote kwenda mdomoni, lipekue. Kamba ya kupandia au ya kushushia iliyojificha kwenye majani ikishikwa na diski inavutwa kwa kasi ambayo hakuna mtu anaweza kuishinda, na kilicho upande wa pili kinakuja nayo. Kamba zote zihifadhiwe mbali na njia ya kuburutia matawi.

Ile nondo ya usalama mdomoni ijaribiwe kila asubuhi: washa, isukume, rola lazima zisimame papo hapo. Mashine iliyofungwa waya ili nondo isifanye kazi, usiinunue kabla haijarudishwa. Uvujaji wa haidroliki tafuta kwa kipande cha kadibodi, kamwe siyo kwa kidole. Tundu dogo kama la sindano linaweza kupenyeza oili ndani ya ngozi, na hilo ni jeraha la kwenda hospitali saa ileile hata kama linaonekana dogo.

      

Beringi Moto

Turudi kwenye swali la kwanza, maana halijajibiwa.

Kwa majani mengi na magogo machache, ngoma ina faida ya mdomo: mm 250 za upana zinameza panda ambazo mm 200 zitazikataa, na muda unaoupoteza kukatakata matawi ndio gharama kubwa. Diski nayo hutoa chenga zenye ukubwa unaolingana na hurusha vizuri, kwa kuwa mabawa yako juu yake yenyewe. Ukiuza chenga au ukizitandaza bustanini, hilo lina uzito.

Ila kwako naona linaloamua ni chanzo cha nguvu. Chipa ya PTO inakufunga na trekta: palipo na geti jembamba au mteremko huingii, na trekta haiwezi kufanya kazi nyingine. Pia hakikisha mizunguko ya PTO inayotakiwa ni ileile ya trekta, 540 au 1,000, kwamba shafti ina gamba zima la plastiki, ina bolti ya kukatika (hukatika yenyewe mashine ikikwama), na ina klachi ya upande mmoja. Bila klachi hiyo, ukikata PTO ngoma nzito inaendelea kuisukuma trekta kutoka nyuma.

Usinunue kwa namba ya inchi. Chipa inayoandikwa mm 150 hufika huko kwa mti laini na visu vipya. Kazi ya kila siku ihesabu theluthi mbili, yaani mm 100 hivi. Magogo yako ya mm 120 yatapita, ila taratibu.

Katika ukaguzi, weka mtarimbo chini ya shafti ya diski na uinue: ukisikia mgongano, beringi zimekwisha. Tafuta nyufa kwenye nyumba ya diski na alama za kuchomelea karibu na viti vya visu. Kuchomelewa kwenye diski au ngoma ni sababu ya kuondoka hapo. Tafuta kwenye kitabu upana mdogo kabisa unaoruhusiwa wa kisu, upime vilivyopo: vikiwa vimebakiza mm 2 kuufikia, hesabu seti mpya kwenye bei. Oili ya haidroliki ikiwa nyeupe kama maziwa ina maji. Ikiwa na povu, inavuta hewa upande wa kufyonza. Rejeta ipulizwe upepo kutoka upande wa feni kwenda nje, uone vumbi kiasi gani linatoka.

Jani Bichi

Kisu tuli kimegeuzwa, mm 2.0 ncha zote, katikati 2.1. Nyuzi zimekwisha, chenga zinatoka fupi na safi. Bomba linaziba bado, ila tu nikilisha majani matupu yaliyolowa.

Mnoaji

Hilo la mwisho siyo ugonjwa, ni uzito wa maji. Majani yaliyolowa hayana mbao ya kuyabeba, hunata kwenye kona ya bomba na yanayofuata yanajenga juu yake. Changanya: tawi moja lenye mbao kwa kila kumbatio la majani, na mwisho wa rundo uingize gogo moja kavu lisafishe njia. Usizime injini bomba likiwa na majani ndani. Acha diski izunguke bila kulishwa kama nusu dakika. Likiziba hata hivyo, zima, toa ufunguo, subiri diski isimame, fungua kifuniko cha bomba na uondoe kwa kijiti. Ukimaliza, pitisha kidole ndani ya kona ya bomba. Ukikuta rangi iliyovimba au kutu ya magamba, ipige msasa mpaka iwe laini, kwani hapo ndipo majani hushikia.

Na mabawa aliyoyataja Beringi Moto pima nafasi yake wakati kifuniko kiko wazi. Yakiwa yameliwa, mwenye mashine apunguze bei kwa hilo, siyo kwa kisu tuli ulichokwisha kukigeuza.